Basari Yako Imebaki Kwao, Mama

Mama,

Sitakuuliza hali. Nakuandikia nikiwa na hasira, na itabidi univumilie kama ulivyonivumilia zamani.

Wenzako wa reli walichanga. Wengi wao wameachishwa kazi tangu ututoke, hawajui watoto watakula nini, lakini walichanga wakaanzisha basari yenye jina lako, ya kumsomesha msichana mmoja kila mwaka katika shule ya upili. Walisema wewe ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza treni kwa bendera pale stesheni, kwa hivyo jina lako liwasaidie wasichana. Nililia niliposikia. Wakamchagua Muhonja, yatima wa Iguhu, aliyepita vizuri sana darasa la nane.

Heshima ndiyo iliyotuponza. Walitaka kuikabidhi basari penye kaburi lako, na kaburi lako liko Malinya, kwa watu wa Baba. Wale wale waliokufukuza ulipoingia reli, wakisema mwanamke anayekesha kazini na wanaume si mke wa mtu. Ulipokufa walikuja mbio kukuchukua, kwa sababu mahari haikurudishwa, na kwa desturi yetu ulikuwa bado wao.

Siku ya kuikabidhi basari watu walijaa. Baba mdogo Lumbasi alishika kipaza sauti akakusifu: mama mpole, mke mwema, aliyependa jikoni kwake. Reli hakuitaja hata mara moja. Kisha akasema, "Hii jina ni ya ukoo wetu, na basari ni ya mtoto wetu," akamwita mwanawe mbele. Mwanawe wa kiume, Mama! Wenzako walitazamana tu. Walikuwa wageni, na nani atagombana na wenyeji kando ya kaburi? Nilisimama mimi. Nikaambiwa, "Wewe ni msichana umeolewa, kaa chini." Shangazi akanivuta gauni mpaka nikaketi.

Muhonja alikuwa mstari wa mbele, sare yake imepigwa pasi. Alipiga makofi. Alipiga kwa adabu, kama wengine.

Jikoni kwako! Mimi nakumbuka jioni zile ulipokuwa ukirudi mkono umevimba, kwa sababu ulisimama kandokando ya reli ukainua ile pete ya waya yenye kibali cha njia, na dereva akaidaka huku treni ikipita kwa kasi. Bila kibali hicho hakuna treni iliyoruhusiwa kuendelea. Hukuweza kusonga ugali, obusuma wako, kwa mkono ule, nikasonga mimi, ikawa na madonge, ukaila huku ukinicheka. Nilipokuuliza kama wanaume hawakusemi, ulisema, "Kwani treni inaulizanga kama nimevaa rinda?"

Wiki iliyopita nilimkuta Muhonja hapa mtaani Amalemba. Ameandikwa kazi ya nyumba, anafua nguo za watoto wa watu. Nilisimama pale langoni. Yeye ndiye aliyenisemesha. "Auntie, kwani mama yako alikuwanga anafanya kazi gani?"

Hakujua. Alichaguliwa kwa jina lako, akanyang'anywa kwa jina lako, na hakuna aliyemwambia ulikuwa nani. Nikamweleza yote, pete, bendera, taa ya usiku. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya povu. Kisha akasema, "Hiyo kazi naeza taka." Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba hawaandiki mtu tena, na kwamba pale ulipokuwa ukisimama majani yameota hadi magotini.

Nimechoka, Mama. Siwezi kukuahidi kwamba Muhonja atasoma. Mume wangu hana kazi, wenzako wametawanyika, na yule mtoto wa Lumbasi amesharipoti shuleni.

Ninalokuahidi ni dogo. Mwaka ujao wataita watu tena wakusifu kwa uongo. Nitakwenda na Muhonja, tusimame wawili, na atakayetaka tuketi atatubeba.

Kwaheri, Mama yangu.

Binti yako