Mgonjwa Aliyelala Kitandani Kwako

Nyumbani, chumba cha nyuma ya bucha,
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu zote kabla ya maneno mengine. Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa vumbi la mawe kama trekta bovu? Unijibu ukweli, si kama mara ile uliyosema "sijambo kabisa" kumbe umelazwa. Mimi ni mzima, magoti tu yananikumbusha umri. Mama anakula, anasali, anagombana na jirani kuhusu maji ya mfereji kama kawaida yake. Bega lake tu ndilo limefungwa bandeji, na bega hilo ndilo linaloniandikisha barua hii.

Dereva wa lori la mawe ameniambia umeshasikia nani amelala chumbani mwako, na kwamba umeomba likizo. Ni kweli. Ni yeye, shemeji yetu wa zamani, yule aliyempiga mdogo wetu Kitinda mpaka sikio lake la kushoto likafa. Usiichane barua. Isome yote kwanza, hasira hasara.

Ilikuwa Jumamosi moja asubuhi, mwezi uliopita, bucha imejaa, nami napasua mbavu juu ya gogo. Mama alikuwa kwenye foleni akisubiri mifupa ya kuwachemshia supu wagonjwa wa kanisa. Tukasikia "Mwizi! Mwizi!" na kabla sijashusha shoka, mtu akaanguka kizingitini pangu na umati ukamwangukia. Wengine walisema kaiba simu, wengine kuku. Mpaka leo hajajitokeza aliyeibiwa.

Walimpiga kwa mawe, kwa vyuma vya gereji, kwa visigino. Nimekata nyama tangu usichana wangu, naujua mlio wa mfupa unapovunjika, lakini siku ile niliusikia wa mtu hai. Kijana mmoja alikuwa anarukaruka juu ya kifua chake huku anacheka. Damu iliingia buchani ikachanganyika na damu ya ng'ombe, usingejua ipi ni ipi.

Mama akatupa kikapu, akapenya katikati ya miguu, akamlalia yule mtu. Hakumjua, uso ulikuwa umevimba na kujaa damu. Gongo lililokuwa linakuja kichwani kwa yule mtu likatua begani kwa Mama, na mfupa ukavunjika.

Basi hapo akili ikaniruka. Nilitoka na shoka, namshukuru Mungu kwamba mkono wenyewe ulichagua ubapa. Fundi viatu, mteja wangu wa maini, alikula ubapa wa mgongo. Kinyozi alirudi kinyumenyume akakaa ndani ya ndoo ya utumbo. Aliyeshika gongo nilimpiga mkono akaliachia, na sitamwomba radhi. Wakatawanyika.

Ndipo nikainama kumfuta uso, nikamtambua kwa lile kovu la kidevuni. Ndugu yangu, nilijuta kuwafukuza. Nikainua shoka tena, safari hii si ubapa. Mama alikuwa bado amemlalia, bega limeshuka upande, akanitazama.

"Basi anza na mimi," akasema, "maana sitoki."

Hospitali walimfunga taya kwa nyaya, wakamfunga mbavu, jicho moja wakasema tusubiri. Siku ya kuruhusiwa, ndugu zake walisema hawamjui. Mama akamleta nyumbani, na chumba kitupu kilikuwa chako. Nilimuuliza kama amekosa watu wengine wa kuwapenda katika dunia nzima. Akajibu, "Wa kumchagua mwenyewe ni rafiki, mwanangu. Huyu nimeletewa." Sikuongea naye mpaka tulipoishiwa chumvi.

Usidhani mgonjwa alilala kama malaika. Mama akimsogelea na bakuli, bakuli linaruka. Siku moja alimpiga Mama ngumi ya mdomo, nikamkaba shingo mpaka jicho lake zima likatoka maji. Mama alinipiga kwa mkono wake mmoja, mimi, mwanawe wa kwanza, ili nimwachie mtu aliyemchana mdomo! Nilienda buchani nikakata mifupa isiyo na mnunuzi.

Sasa unajua desturi ya kanisa letu. Mgonjwa hatembelewi na mtu mmoja. Wimbo unaanzia getini, makofi yanapigwa, watu wanaingia wote kwa pamoja, wanazunguka kitanda na kumwekea mikono. Basi wakaja, mwinjilisti mbele, kwa upendo kabisa. Mgonjwa aliruka kitandani kama aliyemwagiwa maji ya moto. Alimpiga mwinjilisti teke la tumbo, mwinjilisti akamwangukia mama mhazini, mama mhazini akaangukia kabati lako. Alivunja dirisha kwa kiwiko, ukuta ukarushiwa damu, akashika kipande cha kioo akawa anakatakata hewa. Wanaume walimlaza chini, tukamfunga kitandani kwa kamba ninazotundikia nyama.

Wakasema ana pepo, na kwamba watarudi wengi zaidi, waimbe kwa nguvu zaidi.

Tangu hapo akakataa kunywa. Tukimwekea mrija, anageukia ukutani. Nesi alituambia wazi kwamba mtu asiyekunywa huenda tu, hata mbavu zikiunga. Supu nilikuwa naichemsha mimi, kwa kuwa Mama ana mkono mmoja. Ingekuwa hiari yangu, ningempelekea maji ya kuoshea gogo. Nilisema moyoni, mwache aende, tupumzike.

Siku waliyorudi watu wa kanisa ndiyo siku Kitinda alikuja kumtazama Mama. Tulikuwa tumemficha habari ya mgonjwa. Alipita ukumbini, mlango wako ulikuwa wazi, akamwona amefungwa kamba. Wakati huohuo wimbo ukaanza getini. Yule mtu akaanza kutetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta, akavutavuta mikono ili ajifunike uso, kamba zikamkatalia.

Kitinda alitoka. Wewe unamjua, mtoto asiyeweza kumfukuza hata kuku. Alisimama katikati ya geti, akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Nyamazeni!"

Mwinjilisti akamwambia kwa upole, "Binti, ana pepo huyu."

"Hana pepo. Anaogopa. Watu wengi, makofi, mikono juu yake. Mnadhani yeye anasikia wimbo?"

Mwinjilisti akawaashiria wenzake warudi nyuma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, methali ya watoto wa shule, na kanisa zima tulikuwa hatujaifikiria.

Akarudi ndani, akaniamuru nifungue kamba. Nikabisha, akanitazama, nikafungua. Akavuta kigoda, akakiweka mbali na kitanda, akakaa, mikono juu ya magoti, viganja vimeelekea juu. Aliongea nami bila kugeuza kichwa.

"Mtu aliyepigwa hatazami uso, Dada. Anatazama mikono. Muoneshe yako."

Nikaonesha. Ilikuwa na damu ya buchani, akanituma nikanawe. Kisha akanifundisha kila kitu: niseme "naingia" kabla ya kuingia, nisipite upande wa jicho lisiloona, nisisimame kati yake na mlango, niweke kikombe anapokifikia mwenyewe, halafu nirudi nyuma. Nilimuuliza amejifunza wapi uuguzi. Akasema, "Ni mambo niliyokuwa natamani mtu anifanyie." Nikaona aibu ya kuuliza.

Tulisubiri. Mkono ukatoka chini ya shuka, ukachukua kikombe. Akaanza kulia, akataka kusema kitu kati ya zile nyaya.

"Usiseme," Kitinda akamwambia. "Sijakusamehe. Kunywa."

Akanywa yote. Kitinda akaondoka taratibu, akafika jikoni, akatapika. Nilimshika, na nakwambia kweli, dakika ile nilimchukia yule mtu kuliko siku zote.

Sasa mimi ndiye ninayemhudumia. Nanawa, nasema "naingia", nabadilisha shuka, nasafisha kidonda. Mwinjilisti naye huja peke yake, bila wimbo, anamkata kucha. Nilimwambia Mama kwamba bado simpendi. Akasema sijaulizwa kama nampenda, nimeulizwa kama amekunywa. Nadhani huo ndio Ukristo wote nitakaouweza mwaka huu.

Usiogope kwamba tunamrudishia mke. Hilo limeisha, na Kitinda hajaingia tena chumbani. Mgonjwa akiweza kutembea atahamia chumba cha uani kanisani, mwinjilisti ameshakitengeneza. Lakini bado hawezi. Hata mtoto angeweza kummaliza kwa mto wa kulalia, sembuse wewe na mtaimbo wako. Dereva ameniambia umeaga wenzako kama mtu asiyetegemea kurudi kazini.

Mama anakusalimu na kukuombea kila alfajiri kwa sauti, mpaka majirani wanayajua magonjwa yako yote. Mjomba anauliza viatu ulivyomwahidi. Shangazi anasema oa. Nisalimie wenzako wote wa kambini, na dereva umpe chai, amebeba barua hii kwa hiari yake.

Nilitaka kukuandikia mwenyewe maneno ya kukuzuia, lakini Kitinda amesimama hapa pembeni yangu, upande wa sikio lake zima, na anasema niandike haya kama anavyoyatamka:

"Kaka, siku ile ulipoapa kumuua kwa ajili yangu, uliipiga meza ngumi. Nilijifunika uso. Wote mlikuwa mnamzungumzia yeye, hakuna aliyeniona. Ukija, njoo kunitazama mimi."

Mungu akufikishe salama, mikono yako ikiwa safi.

Dada yako akupendaye hata ukikasirika,
Mama wa Bucha.