Waifai ya Wageni

Salt, Jumatano jioni, 18 Juni

Kaka yangu mpenzi Muhannad,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Dalal na mapacha, na kwamba huko Leipzig mmeshavua makoti. Sisi huku hatujambo. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake ni mzima kabisa, alhamdulillah. Anayekuletea barua hii ni binti wa jirani yetu Abu Rakan, pamoja na zaatari ya kulia mkate na kahawa ya iliki. Nimeandika nyuma ya karatasi iliyokwisha kuchapwa. Tafadhali usiigeuze kwanza. Nakujua, wewe husoma mwisho wa kitabu kabla ya mwanzo. Safari hii nivumilie.

Habari kubwa ya hapa ni ile printa uliyomnunulia Baba. Imenitoa jasho siku nne. Kuna shule ya wasichana inatafuta mwalimu wa hesabu, nafasi moja tu, na fomu yao lazima ipelekwe kwa mkono kabla ya kesho Alhamisi saa sita mchana. Unajua sijafundisha tangu niolewe, miaka sita sasa. Naitaka kazi hii mpaka usingizi umenipungua. Fomu niliijaza kwenye laptopu yako ya zamani uliyoniachia. Intaneti ilikuwa inakimbia, video zinacheza, lakini printa iliyokuwa hatua tatu kutoka nilipokaa haikupatikana. Kila nikituma, laptopu inasema ningoje, fomu iko kwenye foleni. Mimi na subira yangu ya sisimizi nikatuma tena na tena.

Mama alisema niende kwa Abu Nidal wa duka la vitabu, nichapiwe kwa dakika mbili. Nikakataa. Unamjua Abu Nidal, karatasi haipiti mkononi mwake bila kusomwa kwa sauti, na ikifika magharibi mtaa mzima una habari. Mama akataka kujua fomu ya kazi ina siri gani. Nikamwambia jua ni kali.

Basi nyumba nzima ikawa ya mafundi. Baba aliizima printa na kuiwasha mara tano, kila mara kwa bismillahi. Mama aliipangusa vumbi, akaifunika kitambaa, akaifunua, kisha akatangaza kwamba inaona haya. Mimi nikaibeba hadi kando ya rauta. Wapi!

Leo baada ya alasiri Baba akamwita Abu Rakan, ambaye alifanya kazi ya simu mpaka akastaafu. Alikunywa kahawa kwanza, maana hapa fundi ni mgeni kabla ya kuwa fundi. Akajaribu simu ya Baba, karatasi ikatoka bila ubishi. Simu ya Mama, ikatoka. Akashauri basi nimtumie Baba ile fomu aichape yeye, yaishe. Nikang'ang'ania laptopu yangu. Akaitazama skrini, akacheka mpaka akakohoa, akauliza ni nani aliyemweka binti wa nyumba kwenye waifai ya wageni.

Uliitengeneza wewe, kaka, ili wageni wapate intaneti bila kugusa vitu vya nyumbani. Abu Rakan alieleza kwamba ina ukuta: aliye humo anafika hadi Uchina, lakini chumba cha pili haingii. Na hakuna aliyeniweka humo. Nilipofika mwezi wa Machi, Baba alinipa neno la siri la nyumbani kwenye kikaratasi, nikamrudishia. Nilisema la wageni linanitosha, nimekuja siku chache tu. Naye akaniheshimu hivyohivyo. Miezi mitatu nakunywa kahawa kwa vile vikombe vya wageni vya ukingo wa dhahabu, na Mama haniachii hata sahani niioshe.

Baba akaandika mwenyewe neno la siri la nyumbani. Printa ikakoroma, fomu ikatoka. Nikamshukuru Mungu. Ikatoka ya pili. Ikatoka ya tatu. Zote nilizotuma siku nne zilikuwa zinangoja, kumi na moja kwa hesabu, zikamwagika miguuni pa Mama. Abu Rakan aliokota chache, akaona, akazilaza kifudifudi na kuaga akisema mkewe anamsubiri. Mama alikuwa ameshasoma.

Sasa geuza karatasi, kaka. Tazama mstari wa sita, hali ya ndoa. Ndiyo, nimeachika tangu Februari. Sikuja kutembea. Kila ulipopiga simu nikakwambia Samer yuko kazini, nilikuwa nakudanganya, na ninakuomba radhi. Niliona nikipokea neno la siri la nyumbani nitakuwa nimekiri kwamba ndoa yangu imenishinda.

Nililia mbele yao kama mtoto. Baba akasema walijua tangu siku ya kwanza, kwani mgeni gani anakuja siku chache na mablanketi manne ya baridi na mashine ya kusagia nyama? Walikuwa wakisubiri niseme mwenyewe. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Wewe miezi mitatu tunakubembeleza! Hebu rudisha hicho kikombe kabatini. Inuka ukapike kahawa, na iliki usiionee choyo." Nilipika, ikafurika jikoni, Mama akanigombeza vizuri sana. Muhannad, sijafurahi hivyo mwaka huu.

Kesho asubuhi naipeleka fomu mwenyewe. Niombee. Mbusu mapacha, msalimu wifi. Mama anauliza kama unavaa soksi. Baba anasema ukija likizo, wewe ndiye utakayepewa waifai ya wageni.

Ni mimi dada yako, wa nyumbani,
Shuruq