Mwaliko wa Time Umetoka, Shaame

Yakhe Shaame,

Assalaam alaykum hapo ulipo. Shehe katwambia maiti huisikia salamu akitolewa kaburini, basi hiyo nishakutolea Ijumaa kwa mdomo, nikasimama pale mpaka mguu ukaingia ganzi. Habari nyengine sikukwambia. Palikuwa na watu wanazuru, na habari zenyewe zachekesha, nikaona haya mtu mzima kucheka makaburini. Ndio maana nakuandikia.

Kwanza nikutoe wasiwasi: dada yako Time kaolewa. Mwaliko ulitoka kwenye ukurasa wako wa mtandaoni, kama ulivyomuahidi mama yako, Bismillahi iko katikati, majina yamekolezwa, na rangi imo. Nani kaitia hiyo edita uliyoitaka? Mie. Mie Kombo, niliyetoka skuli darasa la tano kwa sababu mwalimu kaniuliza suali na mie nikamuuliza jengine.

Cheka tu. Hata mie nacheka.

Wakumbuka kibanda chetu hapa Madungu? Weye umejikunja nyuma na laptopu yako, mie mbele napiga debe: harusi, hitima, mkutano, mbuzi kapotea, njooni muandike, dunia nzima isome! Watu wakaja. Kile kisanduku cha kuandikia ulichokiweka mwanzo kilikuwa kitupu kama sahani ya jana. Mtu aandika vizuri, aruka mstari, aacha nafasi, akibonyeza kutuma kinatoka kitu kimoja kimeshikana kama uji. Yule mzee wa Wingwi alitangaza harusi ya mwanawe, chini yake akatangaza ng'ombe wake anauzwa. Vikatoka vimeungana. Watu wakawa wanapiga simu kuuliza kama ng'ombe ndiye mahari. Ulicheka weye mpaka ukateleza kitini, kisha ukajifuta macho ukasema, "Yakhe, hawa tuwatie edita."

Mie nikadhani chakula. Ukanieleza: ni kisanduku chenye vitufe juu yake, kukoleza, kulaza, kuweka katikati, kutia rangi. Wenzetu washakitengeneza, sie twakichukua tu na kukifunga kwenye ukurasa wetu. Ukasema ni kama mashine ya boti, hakuna anayefua mashine mwenyewe, lakini kuifunga ndio kazi, ukiifunga vibaya boti yazunguka pale pale. Ukasema wiki ijayo utaanza. Wiki ijayo ikaja na ile homa.

Basi. Hapo sisemi zaidi, nimekuja kukufurahisha.

Posa ya Time ilikuja kutoka Msuka, ikakubaliwa, siku ikawekwa. Watu wa karibu walialikwa kwa mdomo, nyumba kwa nyumba, kama ada. Lakini nusu ya ukoo wenu uko Unguja, na wengine Maskati. Mie nikajitolea kuwatumia kwenye magrupu ya simu. Ami yako Hamad akapiga simu kutoka Unguja, akasema atachapisha kadi nzuri za kung'aa. Mama yako akatukatalia wote wawili.

"Shaame kanambia mwaliko wa dada yake ntauandika mwenyewe, kwa nkono wangu, kwenye ukurasa wake," kasema. "Sitaki wa kuandikiwa."

Nikamuuliza, na usipotoka, Bi Mize?

"Basi hawaji."

Wamjua mama yako. Na wajua huku kwetu mtu asipoalikwa harusi inakuwaje, kinyongo chake hurithiwa na wajukuu. Time angeolewa na nusu ya watu wake, na nusu iliyobaki ingemnunia mpaka azeeke. Meli ya kuwaleta ilikuwa haingoji mtu. Nikaondoka pale nikijiambia, Kombo, mdomo wako leo hausaidii kitu.

Nikaifungua laptopu yako. Yakhe, yale majina uliyoyapa mambo yako mle ndani! Sehemu ya kuonesha mwaliko umeiita sinia. Sehemu ya kuhifadhi umeiita kapu. Na sehemu inayotoa makosa umeipa jina langu. Nilikutukana, nikacheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Mwenye duka la jirani akachungulia kuona nazungumza na nani.

Nikaitafuta edita mtandaoni, bando likaliwa, nikaifunga kwenye hiyo JavaScript yako, lugha uliyouandikia ukurasa amri zake, kama wenyewe walivyoelekeza. Nikafungua ukurasa. Vitufe vimekuja, lakini safu mbili! Moja juu ya mwenzake, kama pacha wanaogombea titi. Nabonyeza cha juu, hakisemi kitu. Nikafuta, nikafunga upya, pacha wale wale. Nikawasomea Ayatul Kursiyu. Hawakuondoka.

Hapo ikawa hapana budi, nikaenda kwa Time. Unajua kasoma haya mambo chuoni Unguja, mlikuwa mkibishana mpaka chai inapoa. Lakini Time keshakuwa mwari, kawekwa ndani, kasingwa singo, liwa na manukato, mpaka viwikoni, kompyuta hagusi, na mwanamme wa nje kama mie haruhusiwi kumwona. Basi ikawa hivi: mie ukumbini, laptopu magotini. Time chumbani nyuma ya pazia, na somo wake, yule bibi anayemfunda, anamsinga. Bi Mize kaketi baina yetu mbele ya pazia kama askari wa forodha. Time asema, mie naandika.

Kabla sijabonyeza kitu, mama yako kaniuliza kama nimeanza na Bismillahi. Nikasema kwa moyo nimeanza. Kasema kwa moyo ni kwa kula, kitu cha kuandikwa huandikwa. Mie mtoto msikivu, nikaiandika juu kabisa ya faili, mwanzo wa amri zote. Nikafungua ukurasa. Mweupe! Hakuna kitufe, hakuna kisanduku, hakuna sinia, hakuna hata Kombo. Nikajua nishaiua kazi yako yote.

Nikamweleza Time nilichofanya. Kule ndani nikasikia kicheko, kisha somo analalamika kwamba singo ya usoni yote imepasuka, aanze upya. Time kasema, "Kaka Kombo, tia mistari miwili ya mshazari mbele yake. Mashine ikiiona hiyo, huyapita maneno bila kuyasoma."

Nikatia. Ukurasa ukarudi. Nikamgeukia Bi Mize kwa woga, maana nimemwekea Bismillahi isiyosomwa.

"Si neno," kasema. "Anayesomewa keshaisoma."

Mpaka leo imo, juu kabisa. Wala siitoi.

Wale pacha sasa. Time kaniuliza nimeifungaje, nikamsomea. Kasema nimetandika busati juu ya busati. Kumbe ukurasa ukiwa bado uko karakana, mashine huufungua, ikaukunja, ikaufungua tena, inajaribu kama kila kitu chajua kuondoka. Na mie nimeiambia edita ikae, sikuiambia ikitoka ifagie pahala pake. Ikaja ya pili ikaketi juu ya ya kwanza. Shaame, hapo nilifahamu kuliko nilivyofahamu kitu chochote skuli. Nimebeba masinia ya harusi ngapi mie? Watu wa mkupuo wa kwanza wakishakula, sinia huondoka, busati likafagiliwa, ndio wanakaa wengine. Nikaandika alivyonitajia, mabano kufunguka, mabano kufunga, nikafungua. Safu moja! Nikapiga kigelegele. Mwanamme mzima. Mama yako kaniuliza kama na mie naolewa.

Tukajaribu kuandika mwaliko wa uongo, nikakoleza, nikaweka katikati, nikahifadhi kapuni. Ukaja kwenye sinia umejaa vijialama vilivyochongoka, kila neno lina kimoja mbele na kimoja nyuma. Bi Mize kavaa miwani kauinamia.

"Ndoana hizi za nini? Twaalika watu au twavua?"

Time kasema hizo ndoana ndizo zinazobeba ukolezo na ukatikati, ila ukurasa haujaambiwa kwamba ni maagizo, waziona ni herufi kama herufi nyengine. Nikataka kuuambia ukurasa uyafuate maagizo yote vivyo hivyo. Kanikataza. Kasema mtu mwenye nia mbaya aweza kuficha amri zake ndani ya maandishi, na kila atakayefungua mwaliko ikamdhuru, kwa hivyo lazima pawe na chujio kwanza, kama tui. Tukatia chujio. Chujio likawa na roho mbaya, likachuja hata rangi, Bismillahi ikarudi pembeni. Ikabidi tulitajie moja moja: hiki kipite, hiki kipite, vyengine vyote vibaki na machicha.

Kisha mama yako akaomba rangi, na hapo ndipo siasa ikaingia. Nikaona kijani, nikasema majina haya yangependeza kijani. Somo kule ndani kasema kijani hapana, wataambiwa wamehamia chama kile. Nikasema zambarau. Bi Mize kasema zambarau, watu wa chama chengine hawatakula pilau. Nyekundu kila mmoja alikuwa na neno lake. Wakumbuka mwaka ule wa uchaguzi, majirani kuzikana hawataki, seuze harusi? Basi mama yako kapitisha macho kwenye vile viduara vyote vya rangi, kisha kachagua ya hina. Kasema nioneshe chama chenye hina.

Nikampa laptopu. Kaandika kwa kidole kimoja, anaitafuta kila herufi kama sindano kwenye mkeka. Sisi sote twangoja. Kaandika kwamba yeye Mize binti Faki na mwanawe Shaame wanakualikeni harusi ya binti yao Time. Kalirudia jina lako, kalishika, kabonyeza kitufe cha kukoleza. Likanenepa mbele ya macho yake. Kacheka kidogo, kama mtu kaona mtoto kapanda hatua ya kwanza.

Kisha kidole kikasimama hewani.

"Kombo," kasema. "Hapa niandike marehemu?"

Nikatazama chini, nikatazama ndala zangu. Hata somo kaacha kusinga.

Time ndiye aliyejibu, nyuma ya pazia, sauti yake ndogo. "Mama, yeye mwaliko huu aliuahidi yu hai."

Mama yako kafikiri. Kasema, "Kweli." Kabonyeza kutuma.

Mwaliko ukaenda Unguja, ukaenda Maskati, ukarudi na majibu mpaka simu yangu ikapata moto. Ami Hamad alipiga saa ile ile. Nilimsikia mpaka ukumbini: maiti haaliki, shemegi, hili jambo si la ada, litoeni. Bi Mize kamsikiliza mpaka mwisho, kisha kamjibu kwa adabu, "Njoo unambie hapa hapa." Kakata simu.

Wakaja, Shaame. Meli ilileta ukoo mzima, watu wenye mabegi, watu wenye watoto wanaotapika, na bibi mmoja kabeba feni lake kutoka Unguja kwa sababu hana imani na upepo wetu.

Asubuhi ya ndoa Bi Mize kaniita. Kanipa kanzu yako, ile nyeupe ya Idi. Yanifika magotini, kifua hakipumui. Kasema nisimame mlangoni nipokee wageni, pahala pa kaka wa mwari. Nikamwambia Bi Mize, mie si wa ukoo, watauliza. Kasema wakiuliza niwaambie mimi ndiye ninayeuendesha ukurasa. Basi nikasimama. Watu walinicheka kanzu, na mie nikawacheka majoho yao, ikawa ndio makaribisho yetu.

Ami Hamad alikuja kavaa joho jeusi, uso umekunjamana, nikajua leo ndio leo. Kasimama mbele yangu. Kaniangalia, kaiangalia kanzu, nadhani kaijua. Kisha kanipa mkono kasema, "Nimeitikia wito wa Shaame."

Nikamwambia, "Karibu, Ami. Kakwambia upite."

Kapita. Kala pilau sinia mbili, na hakulitaja tena lile jambo.

Time yuko Msuka sasa kwa mumewe, mzima, kanenepa, na kila wiki ananitumia kazi ya kuandika na kunisahihishia kama mwalimu, ila huyu suali naruhusiwa kumuuliza. Mzee wa Wingwi karudi: ng'ombe wake kamkoleza, kamweka katikati, kamtia rangi, harusi ya mwanawe wa pili kaiweka pembeni kwa herufi ndogo. Nilimwacha. Mteja ni mteja.

Haya, yakhe, nikuache upumzike. Mungu akupanulie kaburi lako na akutie nuru, na dua zangu zikufikie hata zile ninazoziomba nikiwa nacheka. Na nakuahidi hivi: ukurasa wako sitaufunga, na mtu yeyote atakayekuja kualika, awe wa chama kipi, awe hajui hata kuishika kompyuta, ataketi na ataandika kwa mkono wake mwenyewe. Weye lala. Mlangoni nipo.

Rafiki yako,
Kombo