Mama Kiboko ku Matete

Bwana yangu mudogo, mujukuu wangu Alimasi,

Siye huku Baraka tuko wazima. Mama yako amevuna muhogo, dada yako ameanza kusoma kule Fizi. Lakini tangu habari yako ilifika, sipati usingizi. Unasema huko Musumbiji batalii banakusukuma upeleke boti karibu na nyangumi mwenye kunyonyesha, hata ndani ya sehemu ya bahari inayolindwa, na patron, mukubwa wako wa kazi, habakatazi. Unauliza mutu atajuaje kama amekaribia mno.

Nilipokuwa kisichana, kiboko alizalia ku matete ya ziwa, fasi yetu ya kuchotea maji. Bamama bakahamia mbali na masufuria yao. Bavuvi bakaacha kupiga maji na fimbo ili kusukuma samaki kwenye nyavu. Ndiyo desturi: mwenye kuzaa anaachiwa ziwa.

Kisha bageni bakashuka kutoka milimani kumuangalia. Muvuvi mumoja akabapakia, akasimamisha mutumbwi mbali. Bakasema, "Sogea kidogo tu." Akasogea. Kesho yake bengine tena, "kidogo tu."

Kiboko hakukasirika, hakugusa mutu. Asubuhi moja tulikuta matete matupu. Fasi yetu ilirudi, lakini mama yangu alikataa kuchota pale. Alisema, "Hakutoka. Tulimutoa."

Mi sijui ni "kidogo tu" ya ngapi ilimuondosha, Alimasi. Hakuna mutu alijua. Basi zima motere ya boti mapema, hata bakikununia. Halafu unijibu haraka: yule nyangumi na mutoto wake, bado bako pale?

Koko yako