Uvimbe wa Shingoni na Watu Waliojua Yote

Musonoi, Kolwezi

Yaya Odette, dada yangu,

Pokea mikono yangu yote miwili. Goti lako likoje na baridi ya ziwa? Na Mama, bado anagombana na kuku wa jirani, au kuku wameamua kuhama? Nimesikia Feza ameanza kuvaa viatu vyako. Mwache avae uani, ila asivifikishe shuleni. Mimi nipo, napumua, na leo nimefua nguo zangu zote bila kukaa chini kupumzika. Ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini ninajisifu kwa kufua nguo.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako inasikilizwa na kiwanja kizima kabla haijafika sikioni mwako. Barua anakuletea mkwe wa Mama Kabedi, mwenye nyumba wangu, anayekuja Kalemie kwa treni. Mpe chakula, ni mtu mzuri, ila usimuulize habari za siasa.

Kwenye simu nilikuambia ni homa ya mvua. Ungefanya nini kutoka huko, zaidi ya kulia mbele ya Feza, mtoto wangu?

Mvua zilipoanza niliota uvimbe shingoni, upande wa kushoto, chini ya taya. Haukuuma. Ungeuma ningeuheshimu. Ukafuatwa na mwingine, kisha wa kwapani. Usiku nililowa jasho mpaka godoro likawa linaanikwa kila asubuhi kama la mtoto, na majirani wakaliona. Sketi ya kazi ikaanza kunizunguka kiunoni yenyewe. Unajua kazi yangu: kantini ya kampani inayokodisha mitambo karibu na mashimo ya mgodi wa Mashamba. Nawapikia madereva na mafundi bukari ya unga wa mahindi, sombe ya majani ya muhogo na samaki, wanaume wanaokula kama wanajaza shimo. Mimi mpishi nikawa siwezi kumeza hata tonge.

Nikaenda kwa muuguzi wa kampani. Ni kijana mwenye koti jeupe na saa kubwa, na kichwani mwake mna ugonjwa mmoja tu, malaria, kila anayepita mlangoni lazima awe nao. Hakunigusa shingo. Hakunipima damu. Alinitundikia chupa ya serumu huku anaongea na simu habari za mpira. Niliporudi akasema malaria imekomaa. Niliporudi tena akasema ni tifoidi, nadhani neno malaria lilikuwa limemchosha hata yeye. Nilimwonyesha uvimbe kwa kidole. Akasema wanawake wa jikoni wanabeba masufuria mazito.

Kisha akaja pasta wa jirani. Sikumwita, aliitwa na godoro. Huyu angalau aligusa. Alibonyeza shingo yangu kama mtu anayechagua parachichi sokoni, akafumba macho, akatangaza kwamba kuna mwanamke kazini kwangu aliyenifunga koo kwa uzi, na kwamba mwanamke huyo anavaa nyekundu. Nikamwambia sote wapishi tunavaa aproni nyekundu, kampani ndiyo iliyotugawia. Hakuyumba hata kidogo. Alisema basi ni mmoja wenu.

Lakini bingwa wao alikuwa Shefu Placide, msimamizi wa kantini. Huyo hana shule ya uganga wala ya upishi, ana simu. Siku moja natwanga sombe, akaniuliza ninajisikiaje. Nikamjibu, nikidhani ananiuliza kama mtu. Kumbe anaandika kwenye simu. Akasoma jibu la simu kwa sauti, mbele ya wapishi wote na madereva waliokuwa wanasubiri sahani: uvimbe wa matezi, jasho la usiku, kukonda.

“Lenfome,” akasema. “Njo kansere ya matezi. Mama Mwamini, nakusikilia huruma.”

Akaja akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nao umejaa maji ya sombe. Tangu siku hiyo akawa ananisalimia hivyo kila asubuhi, polepole, kichwa kimeinama, kama tunavyomsalimia mjane. Haikupita wiki akamleta shemeji yake ajifunze jiko.

Yaya, huyo mtu nisingemwamini hata akiniambia nje kunanyesha. Lakini neno lake liliniingia. Nilitembea nalo kwenye vumbi la malori na kulala nalo. Mkono wangu haukutoka shingoni. Nilikuwa napima kama uvimbe umekua tangu nilipoweka sufuria motoni mpaka maji yalipochemka. Nikaanza kugawa nguo zangu kichwani: kitenge cha bluu chako, kile cha harusi kiwekwe mpaka Feza akue. Nikafika kwenye viatu, nikawa siwezi kuamua, nikakaa kitandani nikijidharau kuliko nilivyomdharau yeye. Mtu anaambiwa neno moja na mpumbavu mwenye simu, na tayari anapanga nani atavaa viatu vyake.

Aliyenitoa hapo ni Mama Kabedi. Baba yake aliletwa toka Kasai kwa kazi ya mgodi, yeye amezaliwa hapahapa, na hana subira na mtu anayeugua kwa adabu. Aliingia bila kubisha hodi, akaniambia nivae, tunaenda hospitali kubwa. Nikamwambia nasubiri kwanza dawa za tifoidi ziishe. Alijibu kwamba yeye anasubiri kodi ya nyumba kutoka kwa mtu aliye hai. Tukapanda pikipiki moja ya taksi-moto, mimi katikati ya dereva na yeye, amenibana nisianguke.

Dokta alikuwa kijana, kola imekunjamana, macho ya mtu ambaye hajalala. Nilijiandaa kumdharau naye. Akaniambia nivue kitambaa cha kichwa. Akashika shingo, kwapa, nyonga, tumbo, taratibu, akiuliza maswali, na, Yaya, alikuwa anasubiri majibu. Akaagiza damu na picha ya kifua. Mwishoni nikamuuliza kama ni kansere.

“Mi siyue bado, mama,” akasema. “Inaweza kuwa kansere ya matezi. Inaweza kuwa tibi, kile kifua kikuu, maana tibi haikaake mu kifua tu. Mutu mwenye anakuambia anajua bila kukata kipande na kukiangalia, anakudanganya.”

Katika mji huu wote ambako kila mtu anajua, huyo ndiye wa kwanza kuniambia hajui. Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nilimwambia akate.

Walikata kipande kidogo shingoni, kikapelekwa Lubumbashi kuangaliwa. Kusubiri ndiko kulikuwa kubaya, maana watu walisubiri pamoja nami, na wao walikuwa na haraka. Kazini shemeji wa Shefu akawa anakalia kigoda changu. Akatia chumvi kwenye sombe mpaka mafundi wa matairi wakaomba maji. Jirani mmoja anayetafuta chumba aliniuliza, kwa upole kabisa, kama chumba changu kina dirisha upande wa nyuma. Pasta naye alituma ujumbe kwamba uzi bado haujakatwa. Nilimjibu kwamba wamekata shingo.

Majibu yakaja. Dokta alitukalisha, mimi na Mama Kabedi, akasema ni tibi ya matezi. Kansere hakuna. Kifua changu ni safi, kwa hiyo simwambukizi mtu, wala kwa kupika, wala kwa kukaa naye chumba kimoja. Dawa ni miezi sita, kituo cha afya kinatoa bure, nisiruke hata siku moja. Mama Kabedi alilia palepale kwa sauti, wauguzi wakaja wakidhani amefiwa. Mimi sikulia. Nililia kwenye taksi-moto, uso kwenye mgongo wa dereva, nikamlowesha shati.

Sasa sikia. Nikarudi kazini, nimekonda lakini nimenyooka. Shefu Placide alikuwa mlangoni mwa kantini. Nikampa habari, kwa ujinga wangu nikidhani atafurahi. Akarudi nyuma hatua mbili, akatoa leso, akaziba pua. Akasema tibi si mchezo, chakula ni chakula, heri nipumzike hiyo miezi sita, hata mwaka, nafasi yangu “itaangaliwa”. Nikamnyooshea karatasi ya dokta. Hakuipokea. Alionyesha meza kwa kidevu, niiweke pale.

Watu walikuwa wameacha kula. Nikamwambia, sikupandisha sauti:

“Tata Shefu, wakati nilikuwa na ile yenye kuua, ulinishika na mikono yote mbili. Leo niko na yenye kupona, unaziba pua. Basi haukukuwa unasalimia mimi. Ulikuwa unasalimia kigoda yangu.”

Leso ilibaki puani. Fundi mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa, na hilo la kukohoa likamtoa Shefu mlangoni kwa mbio kuliko maneno yangu yote.

Na unajua nani alinirudisha jikoni? Yule muuguzi wa malaria. Wakubwa wa kampani walimwita athibitishe karatasi ya dokta. Aliisoma, akavuta koti lake, akawaambia kwamba yeye tangu mwanzo alishuku tibi, na kwamba mgonjwa wa aina hii anaruhusiwa kufanya kazi bila wasiwasi. Tangu mwanzo! Nilikuwa nimesimama palepale, shingo ikiwa na kidonda chenye plasta. Nilimtazama nikaona jinsi uongo ule ulivyomkaa vizuri, na kwamba saini yake ilikuwa inakuja. Nikamwacha. Nilimwambia hata asante, dokta. Alipenda sana hilo la dokta.

Kwa hiyo nipo jikoni. Shemeji wa Shefu naye bado yupo, anamenya vitunguu. Sikumfukuza, ana watoto, na si yeye aliyejileta. Nimemfundisha chumvi. Dawa ni kubwa, asubuhi zinanitia kichefuchefu, na mkojo umekuwa rangi ya mawese. Usiogope ukisikia, dokta alinionya. Uvimbe wa kwapani umekwisha. Wa shingoni unanywea. Sketi imeanza kukaa mahali pake, na jana nilikula bukari nikaomba nyingine.

Nisalimie Mama, umwambie asitume mizizi ya kuchemsha, hii ninayomeza inatosha. Salamu kwa mume wako, shemeji yangu, na kwa mjomba wetu wa reli. Salamu pia kwa shangazi anayeuza samaki wa ndagala, yule aliyesema mbele ya watu kwamba Kolwezi itanirudisha ndani ya sanduku. Msalimie kwa heshima zote, na umpe habari ya bukari.

Feza mwambie ukweli. Mwambie mama yake aliugua shingo, sasa anameza dawa kila asubuhi. Akikuuliza kama nitakufa, usimjibu Mungu ndiye anajua, kwa ile sauti yenu ya matangani. Mwambie hapana.

Mdogo wako,
Mwamini