Mtungi wa Moto na Kiti cha Katikati

Jumatano, 9 Julai

Umepotelea wapi, mwanamke wewe? Tangu mfungo uishe hujagusa kurasa hizi. Usinitajie miguu. Miguu haiandiki. Kaa hapo, ujiandikie mwenyewe.

Vyombo nimeosha, mchele nimechambua. Habari ni moja tu. Mwajuma amepata kazi ya kununua asali kwa wafuga nyuki, Liwale ndani huko. Anataka gari la marehemu babu yake, lile fowili la turubai, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Anasema gari jingine halifiki.

Mwajuma ni mjukuu wangu, mtoto wa Zuhura. Tangu yuko kwenye mbeleko namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote na mjukuu wake wa kike. Leo kaja na utani wake uleule.

"Mke mwenzangu, umelipanda vya kutosha. Sasa zamu yangu."

Nimecheka. Kisha nimeogopa. Gari kuukuu, nyaya kuukuu, petroli, pori. Likishika moto huko, nani wa kumzimia? Nyuki? Nimemwambia bila mtungi wa kuzimia moto, tena uliofungwa ukafungika, ufunguo sitoi. Kanuna. Anune.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya sala tumeenda kuununua, mtaa wa pili tu. Kariakoo hii siku hizi sina hamu nayo. Zamani nilikuwa nakaa barazani naona gari la mume wangu likikata kona, najua kabisa wali niepue sasa. Leo ukikaa baraza ileile unaona ukuta wa vioo na mabegi yanayoning'inia.

Mwenye duka kijana wa Kiarabu. Babu yake ndiye alituuzia bati za nyumba. Kaniamkia vizuri, kisha kanitolea kimtungi kama chupa ya chai.

"Hiki ndicho wengi wanachukua, bibi. Cha kumwonyesha trafiki."

"Kwani trafiki ndiye atakayeungua?"

Akacheka, akaleta vya maana. Wa gesi unafaa umeme, lakini porini upepo unaichukua gesi yote. Wa maji sitaki hata kuusikia, petroli na maji wapi na wapi. Wa unga unazima petroli na waya pia. Unachafua gari zima, lakini gari linafutika. Tumechukua wa unga, wa kilo mbili. Mkubwa zaidi ya huo Mwajuma hataunyanyua kwa mkono mmoja.

Nimekagua mwenyewe. Pini ipo. Mshale uko kwenye kijani. Nimeupindua kichwa chini, nikatega sikio. Wa kwanza kimya, unga umegandamana. Nikaurudisha. Wa pili nikasikia unga unateremka kama sembe kwenye kopo. Huo.

Jumamosi, 12 Julai

Fundi Chande kaja kutoka karakana yake mtaa wa Gerezani. Kazunguka gari, kapima, kaniharibia siku.

Anasema mtungi ukae pale mkono wa dereva unapofika akiwa na mkanda. Chini ya kiti cha dereva hatoboi, kuna tangi la petroli. Mlangoni hapana, mlango unabamizwa. Pamebaki mahali pamoja tu, katikati. Kile kiti kidogo cha katikati king'olewe.

Nimesema hapana.

Kile ni kiti changu. Shule sikwenda, darasa langu lilikuwa pale. Mume wangu akipeleka mizigo kusini ananipandisha, magoti yangu huku na huku ya gia, utingo dirishani. Kila kibao cha njia ananisomesha. M-ku-ra-nga. Ki-bi-ti. I-kwi-ri-ri. Nikikosea anazima injini katikati ya vumbi, anasema hatuendi mpaka usome. Utingo anacheka mpaka anashuka. Nangurukuru nilikisoma mara moja bila kukwama, akapiga honi mpaka mbuzi wakakimbia. Mkono huu unaoandika umetoka kwenye kile kiti.

Ndicho king'olewe?

Fundi kasema, "Lakini mama, nyuma ni mbali." Nikamwambia funga nyuma. Kafunga nyuma, karibu na mlango, kikamatio cha chuma, boliti na washa pana. Kazi nzuri, mahali pabaya. Nilijua.

Jioni nimeuvalisha mtungi kitambaa nilichofuma, cheupe chenye maua, kamba nne chini. Redio ina chake, televisheni ina chake, jagi lina chake. Kitu kizuri hakikai uchi nyumbani kwangu.

Jumatatu, 14 Julai

Bado nanuka moshi. Naandika hivyohivyo.

Tumelitoa gari kulijaribu, na madumu matupu ya asali yamepangwa nyuma. Mwajuma anaendesha, mimi katikati, fundi dirishani. Tulipofika Gerezani, moshi. Chini ya dashibodi, mweusi, unanuka mpira. Kisha mwali.

Mwajuma karuka, kakimbilia nyuma. Mlango wa nyuma umekaza. Madumu yako mbele ya mtungi. Kayatupa barabarani. Halafu kitambaa changu. Kamba nne, na mafundo yangu mimi siyo ya kufunguka.

"Bibi! Umefunga nini huku?"

Mimi sikuweza kutoka. Gia katikati ya magoti, moshi usoni. Nilishikwa pale kama kuku kwenye tenga. Fundi kafungua boneti, kachomoa waya wa betri, vijana wa karakana wakamimina mchanga. Ukazimika. Mwajuma bado yuko nyuma, anang'ata kamba kwa meno.

Gari halijaungua, waya tu. Mtungi haujaguswa.

Jumanne, 15 Julai

Nina hasira na mimi mwenyewe. Mwajuma hajanisema hata neno. Heri angenitukana.

Jana ilikuwa Gerezani, watu wamejaa. Kule Liwale angekuwa peke yake, meno kwenye kamba.

Marehemu angekuwepo angesema neno moja. Sogea.

Alhamisi, 17 Julai

Fundi kabadilisha nyaya zote. Nimemwambia ang'oe kiti. Kaniuliza mara mbili. Nikamwambia ng'oa kabla sijageuka mbaya.

Boliti zilikuwa na kutu, zimelia. Chini yake vumbi jekundu, la njia ya kusini, limeganda. Nimelishika kidogo. Kisha nikachukua ufagio.

Mtungi umesimama pale sasa, kikamatio na mshipi wake wa chuma, unaufyatua kwa kidole. Kitambaa nimekikata kwa mkasi. Nimemfunga Mwajuma mkanda, nikamwambia fumba macho, chukua. Kachukua. Tena. Tena. Mkono wa kushoto, tena.

"Bibi, nimechoka!"

"Moto utakuuliza kama umechoka?"

Mwisho kafumbua macho, kauangalia mtungi, kaniangalia mimi. "Haya mke mwenzangu, nimekutoa kabisa."

"Umenitoa kitini. Mume bado wangu."

Tumecheka mpaka nikalia. Na yeye kalia. Nimempa ufunguo.

Jumapili, 20 Julai

Kaondoka alfajiri. Nimemfungia maandazi, nimemsomea dua, nimempiga kofi la mgongo asinione machozi.

Mchana kapiga simu. Yuko Nangurukuru, anakula. Nimemuuliza mshale uko wapi. "Kwenye kijani, bibi." Na mtungi ukitikiswatikiswa njiani, unga ukigandamana? "Naupindua kila nikisimama, bibi, unga unateremka." Basi.

Mtaa una kelele zake. Humu ndani kimya. Pale gari lilipokuwa pamebaki doa la oili. Sijalifuta. Leo sitaki kazi.

Na wewe mwanamke, ukirudi kwenye kurasa hizi usianze na malalamiko. Andika kwanza: Mwajuma kafika. Kwa herufi kubwa. Kisha nenda kabandike chai, ndiyo uje ueleze mengine.