Pilau ya Mama Zuhura Niliyoimwaga kwa Mdomo

Alhamisi, Newala. Upepo wa baridi tangu asubuhi, na mimi sina hamu hata ya chai.

Nimemkosea mtu. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Jumapili jirani yangu alikuwa na sherehe ya kuwapokea wanawe waliotoka jandoni. Mpishi alikuwa Mama Zuhura, ambaye mtaa mzima humwita kwenye shughuli. Nilipita uani penye mafiga nikaokota pakiti ya pilipili manga aliyoinunua Masasi. Ilikuwa na alama ya kijani, mmea ndani ya duara, na maandishi ya Kiingereza kwamba imetibiwa kwa mionzi. Nikasoma kwa sauti. Wanawake wakaacha kazi, wakanitazama mimi mwalimu wa fizikia, na sifa zikanipanda kichwani.

"Hii ina mionzi," nikasema. "Mtapata saratani."

Sufuria mbili za pilau zikamwagwa shimoni. Pilau iliyopikwa kwa maji ya kununua, ndoo kwa ndoo. Wageni wakala mihogo.

Na nilikuwa najua.

Kila mwaka nawafundisha kidato cha nne kwamba mionzi ile hupita kwenye chakula, huua vijidudu, basi. Chakula hakibaki na mionzi, kama vile mtu aliyepigwa eksirei harudi nayo nyumbani. Kipimo chake kina sheria, na alama huwekwa ili mnunuzi ajue alichonunua. Haya yote yamo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Leo nimesikia mwenye shughuli ya Jumamosi amemwacha Mama Zuhura, ametafuta mpishi mwingine. Jioni nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu."

Akanipa kigoda. Nikaeleza yote huku yeye akipepeta mchele, nikaomba radhi. Akaweka ungo chini.

"Uliniaibisha mbele ya watu, mwalimu. Mbona radhi unaniomba ndani ya nyumba?"

Nilikuwa nimechagua saa ambayo hakuna jirani nje.

Kesho kuna kikao cha wazazi shuleni, na wengi wao walikuwepo Jumapili. Nimempigia simu mkuu wa shule, amekubali nisimame kwanza niombe radhi mbele yao. Tangu magharibi napanga maneno, na kila nikianza najikuta nasema, "Ndugu zangu, nilikuwa sijui."

Nitathubutu kuwaambia kwamba nilijua?